Borabu ya Pili Iko Minnesota

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na wengine 605,576 katika Nyamira. Ukiwagawia watu wa Kisii ardhi yote ya kaunti yao kwa usawa, vilima, barabara, viwanja vya shule na soko la Daraja Mbili vikiwemo, kila mmoja atapata takribani robo ekari, mtoto wa mgongoni naye akihesabiwa. Nyamira kuna afadhali kidogo: zaidi ya theluthi moja ya ekari kwa kila kichwa. Kenya nzima ina wastani wa watu 82 katika kilomita moja ya mraba. Kisii ina 958, Nyamira 675. Huo ni msongamano wa mji katika eneo ambalo wengi bado wanaishi kwa jembe, ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, migomba na kapu la majani chai. Sensa hiyohiyo ilipata Wakenya 2,703,235 waliojitambulisha kuwa Abagusii. Hata kama kila mkazi wa kaunti hizo mbili angekuwa Mgusii, wangebaki zaidi ya laki nane wanaoishi kwingineko nchini. Walioko Minneapolis, Dallas, Perth au Doha hawamo kabisa katika hesabu hiyo, kwani sensa huhesabu waliolala ndani ya mipaka ya nchi usiku ule.

Habari za hao wa nje kwa kawaida huandikwa kwa namna mbili. Kuna ya sifa, inayohesabu mabilioni ya dola yanayoingia nchini na kuwaita mashujaa wa uchumi. Kuna na ya lawama, inayosikitika kwamba wauguzi na walimu tuliowasomesha wamekwenda kuwahudumia wazee wa watu wengine huku hospitali zetu zikikosa mikono. Kila moja ina ukweli wake, ila zote mbili zinauruka udongo, na kwa Kisii na Nyamira habari ya diaspora ni habari ya udongo kwanza. Watu hawa waliondoka, kwa sehemu kubwa, kwa sababu shamba la baba halikutosha kukatwa tena. Na sehemu nzito ya akiba yao, baada ya miaka ya kufanya kazi zamu mbili kwa siku, inarudi kununua na kujengea ardhi ileile isiyotosha. Kwa njia hiyo, fedha iliyotafutwa ili kuukimbia uhaba wa ardhi inauongeza uhaba huo, na kumwandalia safari kijana anayefuata.

Kuhama kwenyewe si jambo geni huku. Tangu enzi za ukoloni, mashamba ya chai ya Kericho yalivuta vijana wa Kigusii waliohitaji fedha za kodi, mahari na karo. Baada ya uhuru, serikali iliponunua mashamba ya walowezi na kuyagawa, familia nyingi zilipata makazi Borabu, upande wa Nyansiongo unaopakana na Sotik, zikapewa vipande vikubwa ambavyo huku nyumbani, Kitutu au Bonchari, visingepatikana hata ndotoni. Wengine walinunua Trans Mara, Molo na sehemu nyingine za Bonde la Ufa. Kwa kizazi kizima Borabu ilikuwa jibu: shamba la nyumbani likijaa, mtoto mmoja au wawili wanahamia kule, waliobaki wanapumua. Jibu hilo lilizibwa kwa nguvu. Ghasia za kikabila zilizoanza 1991 na 1992, kisha zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ziliwarudisha maelfu ya watu kutoka Bonde la Ufa, na mwaka 2008 hata mpaka wa Borabu na Sotik ulikuwa uwanja wa mapigano. Mzee aliyekuwa akiwaza kumnunulia kijana wake ekari tano nje ya Ugusii alipata funzo la aina ambayo haisahauliki.

Mlango mwingine ulifunguka karibu na wakati wa ghasia zile za kwanza. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1990 ilianzisha bahati nasibu ya viza, ile ambayo Wakenya wanaiita grini kadi tu, na washindi wake wa kwanza chini ya mpango wa kudumu waliingia katika mwaka wa fedha wa 1995. Kenya ilikuwemo katika orodha. Nyumbani, miaka hiyo ilikuwa ya masharti ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa: serikali ikasitisha kuajiri, vyuo vikuu vikafungwa mara kwa mara, walimu wakagoma nchi nzima mwaka 1997. Jamii iliyokuwa imeweka karibu kila senti yake katika elimu ilijikuta na vijana wenye vyeti na hakuna ofisi. Ndipo elimu ile, iliyokusudiwa kumtoa mtoto shambani na kumfikisha Nairobi, ikatumika kumfikisha mbali zaidi. Njia ya masomo ng'ambo ilikuwa inajulikana tayari. Zachary Onyonka, mbunge kutoka 1969 na baadaye waziri wa mambo ya nje, alikuwa na shahada ya uzamivu ya uchumi kutoka Chuo Kikuu cha Syracuse, na mfano wake ulihubiriwa kwa watoto wengi wa shule. Wengine walipitia vyuo vya India kabla ya kuvuka bahari ya pili. Makanisa nayo, hasa la Waadventista lenye mizizi mirefu Nyanchwa huku Kisii, yalikuwa na shule, vyuo na waumini kila bara, na mgeni anayefika na barua ya mchungaji hakosi pa kulala wiki ya kwanza.

Kwa nini Minnesota, jimbo ambalo Januari yake hushuka hadi nyuzi ishirini na zaidi chini ya sifuri? Waliotangulia waliwaita waliofuata. Hivyo ndivyo uhamiaji unavyokwenda kila mahali. Lakini waliotangulia nao walikaa kwa sababu ya kazi, na kazi ilikuwa ya afya. Sheria ya Marekani ya 1987 iliweka kiwango cha chini cha saa 75 za mafunzo kwa msaidizi wa muuguzi katika nyumba za kutunzia wazee. Saa 75! Mtu aliyemaliza kidato cha nne Kisii, na Kiingereza chake kikiwa sawa, aliweza kuwa na cheti mkononi ndani ya wiki chache, akaanza kulipwa kwa saa, na huku akisoma jioni ili apande kuwa muuguzi aliyesajiliwa. Kazi hiyo huku nyumbani hutajwa kwa dharau, eti kuosha wazee, na wanaoidharau mara nyingi ndio wanaosoma kwa karo iliyotokana nayo. Kwa njia hiyo vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis, Brooklyn Park na Brooklyn Center, vilipata maduka ya unga wa ugali, makanisa yenye ibada kwa Ekegusii na kamati za matanga zinazojua kazi yao. Novemba 2024 wapiga kura wa huko walimchagua Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Nyamira, kuwa mwakilishi katika bunge la jimbo, mzaliwa wa kwanza wa Kenya kuingia humo. Nyamira ilisherehekea kana kwamba kata moja yake imepata kiti.

Nimeiita Minnesota Borabu ya pili kwa sababu imefanya kazi ileile: imechukua watoto ambao shamba halikuwabeba. Tofauti ni kwamba aliyehamia Borabu ya kwanza alihama na haja yake ya ardhi. Alipata shamba kule, akalima kule, na baada ya muda akazikwa kule. Aliyehamia Minnesota amepata mshahara bila kupata udongo, na haja yake ya udongo ameiacha nyumbani ikimsubiri. Siku akiba inapotosha, haja hiyo huamka, na sasa ina dola.

Fedha yenyewe ni nyingi. Benki Kuu ya Kenya ilirekodi dola milioni 338 zilizotumwa nchini kutoka nje mwaka 2004. Mwaka 2024 zilifika karibu dola bilioni 4.94, zaidi ya nusu zikitoka Marekani. Takwimu hizo hazigawanywi kwa kaunti, lakini hakuna anayeishi kati ya Keroka na Ogembo asiyejua fungu la eneo hili si dogo. Fedha ya kwanza huenda mahali pake: karo, bili ya hospitali, dawa za sukari na presha za wazazi, mbolea. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, na kampuni za kutuma fedha kuunganishwa nayo, mama aliyeko Nyamaiya anaweza kupokea shilingi elfu tano kabla mtoto aliyezituma hajamaliza mapumziko ya chakula cha usiku kazini. Hapo sina ugomvi na mtu. Ukitaka kuona diaspora ikiwa na manufaa yasiyo na shaka, angalia mtoto aliyebaki darasani muhula ambao mvua ya mawe ilimaliza mahindi, au mgonjwa aliyelipiwa operesheni. Kodi ya asilimia moja ambayo Marekani iliipitisha Julai 2025 kwa fedha zinazotumwa nje kwa njia ya taslimu kuanzia Januari 2026 iliwatia watu hofu, ingawa mswada wa mwanzo ulitaka asilimia tano, na wanaotuma kupitia akaunti ya benki au kadi hawaguswi.

Ugomvi uko kwenye fedha ya pili, ile ya akiba. Hiyo huelekea ardhini kwa nguvu ya ajabu. Hununuliwa robo ekari ya jirani aliyebanwa na deni, kisha linaongezwa kando yake shamba la binamu, kisha nyumba ya ghorofa yenye vigae vyekundu inasimama katikati ya migomba, na ndani analala mlinzi. Soko la ardhi katika kaunti hizi halina nafasi ya kukua. Hakuna msitu wa kufyeka wala nyika ya kufungua. Kila ekari inayonunuliwa imetoka mikononi mwa mtu. Mnunuzi mwenye dola anaposhindana na mwalimu mwenye mkopo wa SACCO, na wote wawili wanaposhindana na mkulima anayetegemea bonasi ya chai, mshindi anajulikana kabla ya dalali kufungua mdomo. Haki inanitaka niseme kwamba diaspora haiko peke yake katika kuipandisha bei: wafanyakazi wa serikali, wafanyabiashara wa mjini na wanasiasa wananunua pia. Lakini watu wa diaspora ndio wanunuzi ambao mapato yao hayahusiani kabisa na kile shamba linachoweza kuzalisha. Mkulima akinunua hujiuliza shamba litamrudishia fedha kwa miaka mingapi. Muuguzi wa Brooklyn Park hana sababu ya kujiuliza hivyo. Bei ikishaachana na mavuno, kijana anayetaka kulima hawezi tena kununua ardhi kwa kulima, naye anaanza kutafuta pasipoti.

Kuna hasara nyingine isiyopigiwa kelele, ambayo naiona kubwa kuliko ya bei. Kwa desturi shamba la baba hugawanywa kwa watoto wa kiume, na kipande cha aliyeko ng'ambo hubaki chake. Ndugu aliyebaki hukilima kwa ruhusa ya mdomo. Ruhusa ya mdomo inatosha kwa mahindi na maharagwe, mazao ya msimu mmoja. Haitoshi kwa chai, ambayo miche yake huchukua miaka kadhaa kabla ya kuchumwa kwa faida na kisha hudumu nusu karne. Haitoshi kwa parachichi, wala kwa kujenga zizi la saruji, wala kwa kuzuia mmomonyoko kwenye mteremko. Nani atazika jasho lake katika ardhi ambayo mwenyewe anaweza kurudi Desemba na mchoro wa nyumba? Basi katika kaunti zenye udongo mwekundu mzuri na mvua ya karibu mwaka mzima, ardhi ya wasiokuwepo inalimwa chini ya uwezo wake, mwaka baada ya mwaka. Ukubwa wa hasara hiyo mtu hawezi kuupima akiwa barabarani, maana shamba hilo halionekani kuwa mahame: lina mahindi. Linachokosa ni mtu mwenye uhakika wa miaka kumi.

Wapo watakaosema nyumba hizo zinaleta kazi. Ni kweli zinaleta. Fundi wa mawe, seremala, mwenye lori la mchanga, mama anayewapikia vibarua, wote wanakula, na mjengo mmoja unaweza kulipa watu ishirini kwa miezi. Lakini kazi hiyo huisha siku paa linapopigwa msumari wa mwisho, na inayofuata inategemea mtu mwingine kununua kipande kingine. Jengo la kupangisha mjini Kisii, ambako wanafunzi wa chuo kikuu kilichopewa hati mwaka 2013 wanatafuta vyumba, lingewapa mafundi walewale kazi ileile, na baada ya hapo likaendelea kuingiza kodi bila kula shamba la mtu. Wenye hesabu miongoni mwa walioko nje wamekwisha kuliona hilo, na ghorofa za mjini ni ushahidi. Kinachonisumbua ni ile nyumba ya pili na ya tatu kijijini, inayojengwa kwa sababu jirani amejenga.

Pingamizi zito zaidi ni la imani, na hilo sitalipita haraka. Mtu wa Minnesota atakujibu: ardhi haitoroki. Ametuma fedha za ng'ombe na akaonyeshwa picha za ng'ombe wa jirani. Amejiunga na kampuni ya uwekezaji iliyofunga milango, ameweka hisa katika chama ambacho mweka hazina wake hapokei simu. Baada ya hayo yote, kumwambia aache ardhi ni kumwambia aache kitu cha mwisho anachoweza kukikanyaga. Nakubali kwamba woga huo una msingi. Sikubali kwamba ardhi imekuwa salama kama inavyodhaniwa. Chini ya katiba ya zamani, Mkenya aliyechukua uraia wa Marekani alipoteza wa Kenya, na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi haikuruhusu shamba la kilimo kuuziwa asiye raia bila kibali maalumu. Wengi waliingia njia ya mkato: shamba likaandikwa kwa jina la kaka, mjomba au mama mzazi. Kisha kaka akafariki, wajane na watoto wake wakawa na hati halali mkononi, na aliyelipa akabaki na risiti za Western Union. Katiba ya 2010 iliondoa kisingizio hicho, kwa kuwa Ibara ya 16 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Lakini mazoea ya kuandika kwa jina la ndugu hayakuondoka na katiba ya zamani, na mahakama za ardhi za Kisii na Nyamira hazilali njaa.

Tena, leo kuna mahali pa kuweka fedha ambapo hapakuwepo miaka ishirini iliyopita. Mwaka 2023 Benki Kuu ilizindua mfumo wa DhowCSD, unaomwezesha Mkenya aliye nje, mwenye akaunti katika benki ya nyumbani, kununua hatifungani za serikali kwa simu, bila mjomba wala dalali. Ugusii pia una historia ya SACCO ambayo walimu wake waliijenga kwa makato ya mishahara hadi Gusii Mwalimu ikawa jina kubwa. Hizo nazo zina hatari zake, na serikali yenye madeni si mdeni anayempa mtu usingizi mtamu. Hata hivyo hatifungani ina tarehe ya kulipwa na mlolongo wa rekodi. Robo ekari iliyoandikwa jina la kaka haina.

Pingamizi la mwisho, ambalo kwangu ndilo kiini, halihusu fedha. Mgusii asiye na nyumba kwao ni mtu wa kuulizwa maswali. Maiti ikirudi kutoka Minneapolis, ikiwa imechangiwa na mamia ya watu ili kulipia ndege, inahitaji ua wa kuingia na mahali pa kuchimba. Kamati za matanga za Minnesota zinaifanya kazi hiyo kwa ustadi kwa sababu kila mmoja anajua zamu yake itafika. Kumwambia mtu asijenge, basi, ni kama kumwambia asiwe na kwao. Silaumu hitaji hilo hata kidogo. Nauliza tu kwa nini nyumba imebebeshwa mzigo wote wa kuthibitisha kwamba mtu ni wa hapa, na sehemu ya jibu naiona katika jinsi nchi yenyewe inavyowatendea. Ibara ya 82 ya katiba inalitaka Bunge litunge sheria ya kuwaandikisha hatua kwa hatua Wakenya wanaoishi nje ili wapige kura. Mwaka 2013 walioweza ni wale wa nchi jirani za Afrika Mashariki. Mwaka 2017 ikaongezwa Afrika Kusini. Mwaka 2022 zikaongezwa nyingine, Marekani ikiwemo. Jumla ya waliokuwa kwenye daftari kutoka nje mwaka huo ilikuwa 10,443, dunia nzima. Vituo vya Marekani viliwekwa Washington, New York na Los Angeles. Muuguzi wa Minneapolis alihitaji tiketi ya ndege mara mbili, ya kujiandikisha na ya kupiga kura, na hata angeipata asingemchagua gavana wa Nyamira wala mwakilishi wa wadi yake, kwa kuwa kura ya nje ni ya urais peke yake.

Australia inafaa kulinganishwa hapa, kwa kuwa nayo ina watu wengi nje, takribani milioni moja kwa makadirio yaliyotajwa na Seneti yake ilipochapisha uchunguzi kuhusu jambo hilo Machi 2005. Wameenea London, New York, Singapore na Dubai, na huko huitwa wataalamu wa kigeni, sio wahamiaji, tofauti ambayo kazi zao peke yake haziielezi. Nchi yao iliruhusu uraia wa nchi mbili mwaka 2002 tu, miaka minane kabla ya Kenya, na katiba yake, kama Ibara ya 78 ya kwetu inavyowafungia maafisa wa dola, inawazuia wenye uraia wa nchi nyingine kukaa bungeni. Mwaka 2017 wabunge na maseneta kadhaa walipoteza viti kwa sababu hiyo, naibu waziri mkuu akiwa mmoja wao. Lakini Mwaustralia aliyeko London huingia ubalozi wa nchi yake na kumpigia kura mbunge wa jimbo lake, au hutuma kura kwa posta. Nchi yake ina watu kama watatu tu katika kilomita ya mraba, ardhi isiyo na mwisho, na bado hakuna anayemtaka ajenge nyumba tupu ili aaminiwe kuwa Mwaustralia. Uanachama wake una karatasi. Wa mtu wa Minnesota una vigae vyekundu, kwa kuwa karatasi aliyopewa haimfikishi kwenye sanduku la kura.

Nikisikia, kwa hiyo, viongozi wa kaunti wakisafiri kwenda kuwaomba watu wa diaspora wawekeze nyumbani, nashangaa wanaomba nini hasa. Uwekezaji umekuwepo miaka thelathini. Umekwenda pabaya kwa sababu hapakuwa na pengine pa kueleweka. Kaunti ina uwezo wa kufanya jambo moja la kawaida ambalo halihitaji safari ya ndege: fomu ya kukodisha ardhi ndani ya familia, ya kurasa mbili, kwa Ekegusii na Kiswahili, inayotiwa saini na mwenye shamba aliyeko nje na ndugu anayelilima, kwa miaka kumi au kumi na tano, huku umiliki ukibaki ulipo na mahali pa kaburi pakitengwa waziwazi. Ndugu angepanda chai au parachichi akijua atavuna. Mwenye shamba angepokea kitu kidogo, au chakula cha wazazi, na shamba lake lisingekuwa la kugombewa akifa. Wakili wa Kisii anaweza kuandika mkataba kama huo leo. Kinachokosekana ni mazoea, na mazoea huanza mahali fulani, kwa mfano katika zile kamati za Brooklyn Park ambazo tayari zinajua kukusanya, kuhesabu na kuaminiwa. Bunge nalo lilipewa na Ibara ya 68 kazi ya kuweka viwango vya chini na vya juu vya umiliki wa ardhi. Mswada wa 2015 ulikwama, na katika kaunti ambamo mashamba yanakatwa hadi kubaki upana wa nyumba na choo, kukwama huko kuna gharama.

Muda wenyewe haupo wa kupoteza, kwa sababu ya watoto. Waliozaliwa Minnesota katika miaka ya tisini na elfu mbili sasa ni watu wazima. Wengi wanaelewa Ekegusii cha mama jikoni bila kukizungumza. Kwa Ibara ya 14, mtoto wa mzazi Mkenya ni raia wa kuzaliwa popote alipozaliwa, ingawa Bunge linaweza kuweka mpaka kwa vizazi vya mbele. Kwa Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika 1981, na kwa katiba yenyewe, binti na mwana wana haki sawa katika mali ya mzazi aliyefariki bila wosia. Chukua ekari moja na nusu ya Kitutu, iliyonunuliwa vipande vitatu kwa miaka ishirini ya zamu za usiku. Mzazi akifariki, warithi wake watakuwa wanne: mmoja Rochester, mwingine Texas, wa tatu jeshini, wa nne haijulikani kama atawahi kurudi. Kijijini kuna binamu anayelilima shamba hilo tangu akiwa kijana, bila karatasi. Hati iko katika jina la mjomba aliyekwisha kufa. Ili shamba liuzwe, ligawanywe au likodishwe, itahitajika mirathi mbili, ridhaa ya kila mrithi, hati za kumpa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba yao zilizothibitishwa na kusajiliwa, na bodi ya udhibiti wa ardhi itakayokaa kusikiliza habari za watu ambao hakuna mjumbe wake anayewatambua kwa sura. Mpaka hayo yatimie, binamu ataendelea kupanda mahindi.